Somo: Tofali la Jiopolima kwa Vumbi la Graniti. Je, Gundi Inatoka Wapi?



Kila mwaka kuna wenzetu wa uhandisi na kemia wanaohangaika kutafuta mada ya tasnifu ambayo itawafaa wakirudi nyumbani. Mada moja inajirudia sana: kutengeneza vifaa vya ujenzi bila saruji, kwa kutumia vumbi linalotupwa kwenye machimbo na karakana za kukata mawe. Ukiisikia kwa mara ya kwanza inavutia kweli. Taka unaipata bure, saruji huinunui, na hewa haichafuki. Na kwa anayetoka Mwanza, mji ambao mawe ya graniti yamepanda vilimani mpaka yakaingia ziwani, anaona kabisa kwamba utajiri umelala mlangoni.

Somo hili linataka kukusaidia kujibu swali moja tu: ndani ya tofali la namna hiyo, vumbi la graniti linafanya kazi gani hasa? Ni gundi, au ni mchanga uliopewa jina zuri? Swali hili ndilo linalotenganisha mradi utakaojenga nyumba na mradi utakaoishia kwenye kabati la maktaba. Kemia utakayohitaji ni ile ya sekondari, kwa hiyo hata wenzetu wa sheria na biashara msikimbie.

1. TUANZE NA SARUJI

Saruji ya kawaida hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450 za Sentigredi. Jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa linavunjika: inabaki chokaa, na gesi ya kaboni dayoksaidi inapanda angani. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Zaidi ya nusu ya gesi hiyo inatoka ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye kuni, makaa au gesi ya kuwashia tanuri. Yaani hata ukilichoma kwa umeme wa jua, jiwe bado litatoa moshi wake. Ndiyo maana viwanda vya saruji duniani vinahesabiwa kuchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotolewa na binadamu.

Ukichanganya saruji na maji, inakunywa maji hayo na kujenga fuwele na utando unaoshika mchanga na kokoto. Ndiyo sababu fundi anamwagilia tofali zake kwa siku kadhaa. Saruji inahitaji maji ili ikomae. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

2. JIOPOLIMA NI KITU GANI?

Jiopolima nayo ni gundi, ila inapita njia nyingine. Haitegemei chokaa. Inategemea vitu viwili: unga wenye silika na alumina nyingi, na maji makali ya alkali. Alkali inauyeyusha unga ule kidogo kidogo, halafu vile vipande vya silikoni na alumini vilivyoachiana vinashikana upya na kufanya mtandao mmoja mgumu kama jiwe. Sodiamu inabaki ndani ya mtandao huo, ikisawazisha chaji.

Kama hujaelewa, fikiria maharage. Mama akiona maharage magumu anatupia magadi kidogo kwenye chungu. Magadi ni alkali. Yanalegeza kile kinachoshikilia ganda, na maharage yanaiva haraka. Alkali ya jiopolima inafanya jambo la kufanana na hilo kwenye madini, ila ni kali mara nyingi zaidi, na baada ya kulegeza kuna hatua ya pili ya kuganda upya.

Fani hii si ya jana. Katika miaka ya 1950 Viktor Glukhovsky, akiwa Kyiv nchini Ukraine, alifanya kazi ya kutengeneza saruji za alkali. Katika miaka ya 1970 Mfaransa Joseph Davidovits alitafuta vifaa visivyoshika moto, baada ya mioto mibaya kuua watu nchini kwao, na yeye ndiye aliyeleta jina la jiopolima. Na si mambo ya maabara tu. Uwanja wa ndege wa Brisbane West Wellcamp huko Queensland, Australia, uliofunguliwa mwaka 2014, una zege la jiopolima kwenye sehemu kubwa ya sakafu zake za kuegesha ndege. Kwa hiyo anayekuambia kitu hiki ni ndoto, mwambie ndege zinakikanyaga.

Lakini uliza swali la pili: uwanja ule ulitumia unga gani? Ulitumia mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma, pamoja na majivu laini ya makaa ya mawe kutoka vituo vya umeme. Haukutumia vumbi la graniti.

3. NDANI YA GRANITI KUNA NINI?

Graniti imejengwa na madini makuu matatu: kwatzi, feldispa na mika. Ukipeleka vumbi lake maabara, karatasi ya majibu itakuonyesha silika kama asilimia 70 na alumina kama asilimia 14, pamoja na potasiamu, sodiamu, kalsiamu na chuma kidogo. Mwanafunzi akiiona karatasi hiyo anafurahi. Silika ipo! Alumina ipo! Kilichobaki ni kumwaga alkali tu.

Jamani, hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge.

Karatasi ile inahesabu tofali. Haikuambii kama tofali hizo zimerundikwa uwanjani au zimeshajengwa ukuta. Ndani ya kwatzi na feldispa, silikoni, alumini na oksijeni zimepangwa kwa utaratibu mkali sana, safu kwa safu. Hizo ndizo fuwele. Ni ukuta uliokwisha jengwa na kukauka, tena zamani sana chini ya ardhi, kwa joto na mgandamizo mkubwa. Alkali ikifika hapo inakwangua juu juu tu. Majivu laini ya makaa ya mawe na mavi ya chuma ni tofauti. Viliyeyuka kwa moto halafu vikapozwa ghafla, havikupata muda wa kujipanga. Hizo ni tofali zilizorundikwa, na alkali inazichukua kwa urahisi.

Kwa hiyo vumbi la graniti peke yake, likichanganywa na alkali na kuachwa kwenye joto la kawaida, halitoi gundi ya kutegemewa. Vumbi lililosagwa laini sana linaitika kidogo zaidi kwa sababu eneo linaloguswa na alkali linaongezeka, lakini bado ni kidogo.

4. NJIA TATU ZA KULIAMSHA

Njia ya kwanza ni kulichoma vumbi pamoja na kostiki soda yenyewe. Kostiki inayeyuka, inashambulia fuwele zikiwa motoni, na unga unaopatikana unaitika vizuri. Mwaka 2016 watafiti wa Kameruni na wenzao walichapisha kazi ya namna hii juu ya taka za graniti. Njia inafanya kazi, ila inakula moto na inakula kostiki nyingi, na kostiki iliyoyeyuka kwa moto si kitu cha kuchezea nyuma ya nyumba.

Njia ya pili ni kusaga kwa muda mrefu kwenye kinu cha mipira ya chuma mpaka fuwele zenyewe ziharibike. Hapo andaa bili ya umeme.

Njia ya tatu ni kulitafutia mwenzake. Unaleta unga mwingine unaoitika haraka, unafanya kazi ya gundi, na vumbi la graniti linakaa ndani yake kama mwili: linajaza nafasi, linapunguza kunywea na kupasuka, na ngozi ya nje ya kila punje inashikana na gundi. Kwa mazingira ya kwetu, hii ndiyo njia ninayokushauri uanze nayo.

Sasa mwenzake ni nani? Vitabu vingi tunavyosoma huku vinasema majivu ya makaa ya mawe na mavi ya chuma. Kwa nchi zilizojenga viwanda vyake juu ya makaa ya mawe ilikuwa sawa. Lakini tazama Uingereza yenyewe: tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa. Siku hiyo hiyo kiwanda cha chuma cha Port Talbot kule Wales nacho kilizima tanuri lake la mwisho la kuyeyushia madini ya chuma. Kwa hiyo hata hapa "taka za bure" zinapungua. Nyumbani Afrika Mashariki, ambako umeme wetu mwingi ni wa maji, gesi na mvuke wa ardhini, hazikuwahi kuwa nyingi. Ukiandika tasnifu inayotegemea majivu hayo halafu ukairudisha Mwanza, umebeba funguo za nyumba ya mtu mwingine.

5. MWENZAKE YUKO NYUMBANI: UDONGO MWEUPE

Mwenzake wa kwanza ni kaolini, ule udongo mweupe. Tanzania ipo kwenye vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Uganda ipo Mutaka, kusini-magharibi mwa nchi. Na hapa kuna jambo zuri: kaolini nyingi duniani ni mtoto wa graniti. Feldispa ikikaa na maji ya mvua kwa maelfu kwa maelfu ya miaka inaoza, na kinachobaki ni kaolini. Ile kazi ya kuvunja ukuta ambayo sisi tunataka kuifanya kwa siku moja, mvua imeshaifanya kwa niaba yetu.

Kaolini mbichi bado haitoshi. Inabidi ichomwe kwenye nyuzi kati ya 650 na 800. Maji yaliyofungwa ndani yake yanatoka, mpangilio wake unavurugika, na inageuka kuwa metakaolini, unga unaoitika vizuri sana na alkali. Kaolini safi inapoteza kama asilimia 14 ya uzito wake ikichomwa, kwa hiyo mizani ya kawaida inatosha kukuambia kama moto umefanya kazi: pima kabla, pima baada. Angalia tu usiunguze. Ukipita nyuzi 950 hivi, udongo unaanza kujipanga upya kuwa fuwele nyingine na unakufa. Tanuri la kienyeji la tofali za kuchoma linaweza kufika joto hilo na kulipita, kwa hiyo kipimajoto ni lazima, usibahatishe kwa macho.

Sasa usinisome vibaya. Sijasema ubebe kaolini kutoka Pugu mpaka Mwanza. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na lori litachoma dizeli kuliko faida. Tafuta udongo wenye kaolini jirani na machimbo yako. Anza kwa kuuliza wafinyanzi, wao wanaujua udongo wa eneo lao kuliko ramani. Kwa walio karibu na milima ya volkano, kama Mbeya, Musanze au Goma, majivu ya volkano nayo yanafaa kujaribiwa, kwa sababu sehemu yake ilipozwa ghafla na haikupata kujipanga. Kila eneo lipimwe peke yake.

6. NA ALKALI JE?

Vitu viwili vinahitajika. Kwanza kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, ileile ya watengeneza sabuni. Pili silikati ya sodiamu, ule uji mzito unaong'aa ambao nao watengeneza sabuni wanaufahamu. Kwa hiyo ukitaka kujua bei na upatikanaji, usianzie kwenye katalogi ya maabara. Nenda kwa mama anayetengeneza sabuni za mche.

Silikati ya kiwandani hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga na magadi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ina moshi wake, tusijidanganye kwamba jiopolima haina kaboni kabisa. Njia mbadala ni pumba za mpunga. Mpunga unalimwa Magu na Kahama, si mbali na mawe yenyewe. Pumba zikichomwa, kama asilimia 20 ya uzito inabaki majivu, na majivu hayo ni silika zaidi ya asilimia 85. Zikichomwa kwa moto wa wastani, usiozidi nyuzi 700 hivi, silika yake haijipangi kuwa fuwele, na inayeyuka kwenye maji ya kostiki yaliyopashwa moto. Hapo umepata silikati bila kuagiza.

Kostiki nayo inaweza kupatikana kutoka kwenye magadi, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, kwa kuyachanganya na chokaa iliyozimwa. Kwa hesabu ya karatasini, gramu 106 za sodiamu kaboneti safi na gramu 74 za chokaa zinatoa gramu 80 za kostiki. Ila magadi ya sokoni yana chumvi na udongo ndani yake, na chokaa yenyewe imetoka kwenye lile jiwe linalotoa moshi. Kila njia ina deni lake. Kazi ya mtaalamu ni kulihesabu.

7. HESABU YA MCHANGANYIKO

Kanuni ya kuanzia ni rahisi: kwa kila atomu moja ya alumini kwenye metakaolini, weka atomu moja ya sodiamu. Ikipungua, sehemu ya unga haitaitika. Ikizidi, soda inayobaki itatoka nje ya tofali na kufanya chumvi nyeupe ukutani.

Chukua gramu 100 za metakaolini. Moli moja ya metakaolini ni gramu 222 na ina alumini mbili. Kwa hiyo gramu 100 zina moli 0.9 za alumini. Tunahitaji moli 0.9 za sodiamu.

Gramu 20 za kostiki: gawa kwa 40, unapata moli 0.5.

Gramu 140 za silikati ya maji, yenye oksaidi ya sodiamu asilimia 9 na silika asilimia 28.5: oksaidi ni gramu 12.6, gawa kwa 62, zidisha mara mbili, unapata moli 0.4.

Jumla 0.9. Hesabu imekaa. Na ukitafuta silikoni utapata 0.9 kutoka kwenye metakaolini na kama 0.67 kutoka kwenye silikati, yaani uwiano wa silikoni kwa alumini ni kama 1.7, ambao ni mahali pazuri pa kuanzia. Silikati yako ikiwa na asilimia nyingine, rudia hesabu, usinakili namba zangu. Na udongo wako ukiwa kaolini nusu tu, alumini inayoitika ni nusu. Hesabu kwa hiyo nusu.

Vumbi la graniti tumeliweka wapi kwenye hesabu hii? Hatujaliweka. Kwa makusudi. Tunalihesabu kama mwili, mpaka lenyewe lituthibitishie vinginevyo.

8. JARIBIO, HATUA KWA HATUA

(a) Yeyusha kostiki na uchanganye na silikati siku moja kabla. Maji yatachemka kwa joto lake yenyewe, yaache yapoe.

(b) Kausha vumbi la graniti, lichekeche, kisha changanya gramu 150 na zile gramu 100 za metakaolini.

(c) Mimina maji ya alkali kidogo kidogo huku ukikoroga kwa dakika 5 hadi 10. Utapata uji mzito unaonata.

(d) Ukiwa mzito sana ongeza maji kijiko kimoja kimoja na uandike umeongeza kiasi gani. Hapa mafundi wetu watakusumbua, maana mazoea ni kuongeza maji mpaka mchanganyiko ulainike. Maji ya ziada yanaacha matundu na kuua nguvu.

(e) Mimina kwenye ukungu, gongagonga hewa itoke, funika kwa nailoni.

(f) Usimwagilie! Hii si saruji. Maji ya siku za mwanzo yanaosha alkali kabla haijamaliza kazi. Liache limefunikwa, lisikauke, wala lisiloweshwe.

(g) Rudia yote kwa seti ya pili, ila mahali pa vumbi la graniti weka mchanga safi wa kwatzi uliosagwa ukawa laini sawasawa na vumbi hilo.

Hatua ya (g) ndiyo yenye jibu la swali letu. Vunja vipande vya seti zote mbili baada ya siku 7 na siku 28. Seti ya graniti ikiwa na nguvu kuliko ya mchanga, graniti imechangia kwenye gundi. Zikilingana, graniti ni kijazio, basi, na uandike hivyo bila aibu. Kijazio kizuri kinachookoa mchanga wa mtoni si kitu kidogo.

Halafu fanya na kipimo cha maji: loweka vipande vingine saa 24 na uvivunje vikiwa vimelowa. Vikiwa vimepoteza nguvu nyingi, au maji yakiwa na utelezi wa soda, gundi haijakamilika. Tofali linalong'aa maabara na kulegea masika halina faida kwa mtu.

9. AFYA KWANZA

Hapa naomba usomwe na kila mtu. Kostiki inachoma ngozi na inapofusha macho. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira. Siku zote tia kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua. Usitumie sufuria ya alumini. Kostiki inaitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu hospitali.

Na vumbi lenyewe. Graniti huwa na kwatzi kama robo hadi theluthi. Punje zake ndogo kabisa, zile usizoziona, zinaingia ndani ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na unamfungulia mlango kifua kikuu. Nchini Uingereza kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini ni miligramu 0.1 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii punje hizo. Chukua tope lililotokana na kukata kwa maji, lifanyie kazi likiwa bado na unyevu kadiri inavyowezekana, na ukilazimika kulichekecha kavu tumia barakoa ya vumbi laini. Mradi wa kuondoa taka usigeuke kuwa mradi wa kuzihamishia vifuani mwa vijana wa machimbo.

10. JE, INALIPA?

Tuongee kama watu wazima. Mfuko wa saruji wa kilo 50 nyumbani hutoa tofali kama 30 hivi, yaani kama kilo 1.7 za saruji kwa tofali. Tuseme kwa jiopolima tofali hilo linahitaji kilo 1 ya metakaolini. Kwa hesabu yetu ya juu, hiyo inataka kilo 1.4 za silikati na gramu 200 za kostiki. Piga simu, uliza bei ya vitu hivyo viwili, jumlisha na kuni au gesi ya kuchomea udongo, halafu linganisha na kilo 1.7 za saruji. Vumbi ni bure, ndiyo, lakini vumbi siyo gundi.

Kwa tofali la kawaida la ukuta, ukinunua kemikali za dukani, utapata shida kushindana na saruji. Ndiyo maana silikati ya pumba za mpunga si pambo la tasnifu. Ndiyo roho ya mradi. Na ndiyo maana ni busara kuanza na bidhaa ndogo zenye thamani kubwa, kama vigae vya sakafu au vifaa vya kustahimili moto, ambako kilo moja ya gundi inaleta pesa zaidi. Na kama shida ya machimbo ya jirani ni kuondoa rundo la vumbi tu, jaribu kwanza kulitumia badala ya sehemu ya mchanga kwenye tofali za saruji za kawaida. Haitakupa digrii ya uzamivu, lakini rundo litapungua.

Mwenzangu unayeandika mapendekezo ya utafiti, msimamizi wako akikuuliza kwa nini graniti, usimjibu kwamba iko nyingi. Mawe yako mengi kila mahali. Mweleze gundi inatoka wapi, inagharimu nini, na nani anavuta vumbi lake. Ukiweza kujibu hayo matatu, umeshamaliza nusu ya tasnifu, na fundi wa Mwanza atakuelewa kuliko profesa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini vumbi la graniti na majivu laini ya makaa ya mawe, ambayo yote yana silika na alumina, hayaitiki sawasawa na alkali?

2. Una gramu 250 za metakaolini. Unahitaji moli ngapi za sodiamu? Tafuta kiasi cha kostiki na silikati ukitumia asilimia zilizotolewa hapo juu.

3. Kilo 10 za kaolini safi zimetoka tanurini zikiwa na kilo 9.4. Moto ulitosha? Eleza.

4. Fundi amemwagilia tofali la jiopolima maji kuanzia siku ya kwanza. Mweleze kosa lake kwa Kiswahili chepesi, bila kutumia neno lolote la kemia.

Jibu la swali la 4 ndilo gumu kuliko yote. Mtakaolipatia vizuri lileteni kwa wahariri, tulichape kwenye toleo lijalo. Masomo mema.